Kifuu Chenye Alama ya Kitana

Kila asubuhi Praxeda alifagia uwanja, akachota maji, akanywa uji wake amesimama, kisha akampitia Lea nyumba ya tatu kutoka kwao. Hapo wawili hao wakashika njia ya kutoka Nguvumali kwenda shule yao ya wasichana upande wa Chumbageni. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati nusu ya watu wa Tanga waliishi kwa mkonge, na nusu nyingine waliishi kwa kuwauzia vitu hao wa mkonge. Baba yake Praxeda, mzee Tadeo, alikuja pwani kukata mkonge, baadaye akapata kazi ya kupakia mizigo stesheni. Lea alikuwa mtoto wa mkulima wa milimani, Usambara, naye alikaa kwa mjomba wake ili apate kusoma.

Waliokutana nao njiani waliwaita pacha. Lakini moyo wa mtu hauna dirisha, na hao watu hawakujua lililokuwamo moyoni mwa Praxeda.

Praxeda alimwonea Lea kijicho. Tuseme wazi, tusipake maneno sukari. Kabla Lea hajaja, fundi wa darasa zima alikuwa Praxeda. Akishona pindo, walimu walilipitisha mkono kwa mkono. Lea alipofika na mikono yake myembamba na sauti yake ya polepole, sifa zote zilihama kama kuku aliyenunuliwa na jirani. Bi Asmahani, mwalimu mpya wa ushonaji, hakumaliza kipindi bila kusema, "Hebu tazameni mshono wa Lea." Kila alipolisema neno hilo, Praxeda aliona kama sindano imemwingia chini ya ukucha.

Tena Lea hakuwa na ubaya. Angekuwa na ubaya, Praxeda angepumua.

"Praxeda," Lea alimwambia asubuhi moja, "nimepata namna ya kukunja marinda yasilale. Nitakuonyesha leo."

"Najua kukunja marinda," Praxeda akajibu.

"Si ninasema tu tusaidiane."

"Nimesikia."

Marinda hayo yalikuwa ya gauni la maonyesho. Shule ikikaribia kufungwa, wazazi walialikwa kuja kutazama kazi za watoto wao, na gauni lililoshinda lilitundikwa mlangoni, mwenyewe akapewa mkasi mpya. Praxeda aliutaka mkasi ule. Zaidi ya mkasi, alitaka Lea asiupate.

Shida ilikuwa cherehani. Shule nzima ilikuwa nayo moja tu, ya miguu, katika chumba kidogo nyuma ya madarasa. Walimu wa zamani, ili kuzuia ugomvi, waliweka utaratibu wa vifuu. Msichana akiingia darasa la ushonaji alipewa kipande cha kifuu cha nazi, akakichoma alama yake mwenyewe kwa msumari wa moto. Cha Praxeda kilikuwa na nyota, cha Lea jani la mgomba. Vifuu vyote vilining'inia kwenye ubao nyuma ya mlango. Mwenye kutaka kushona baada ya masomo alichukua kifuu chake, akakitundika kwenye msumari ulio karibu na cherehani, akaingia peke yake na kufunga mlango. Akimaliza alikirudisha ubaoni, uso umeelekea ukutani, maana yake zamu ya juma hilo imekwisha. Jumatatu kiranja, Saleha wa darasa la nane, aligeuza vifuu vyote viangalie nje tena. Hakuna aliyeuliza wewe ni nani. Ukiwa na kifuu kinachoangalia nje, una zamu.

Ubaoni pale palikuwa pia na vifuu ambavyo hakuna aliyejua ni vya nani. Wenyewe walikwisha kuondoka, wengine wameolewa, wengine wamehama na baba zao, lakini vifuu vyao vilibaki. Wasichana walikuwa na imani yao kwamba kumshushia mtu kifuu ni kumkatia riziki huko aliko. Basi havikushushwa. Vilikusanya vumbi, na kila Jumatatu vilionekana vikiangalia nje, macho makavu, vina zamu zao kamili.

Praxeda alikiona kimoja chenye alama ya kitana cha kuchania nywele. Akakitazama leo, akakitazama kesho. Ijumaa shule ilitoka mapema, Saleha na wenzake Waislamu wakaenda makwao kwa ajili ya sala, na chumba cha kushonea kikabaki wazi hadi mlinzi alipokuja kukifunga. Praxeda akakishusha kitana, akakitundika karibu na cherehani, akashona kwa raha zake.

"Ijumaa usiningoje," alimwambia Lea. "Nimepewa kazi ya kumwagilia bustani."

"Maskini, peke yako? Nikusaidie?"

"La, nenda tu."

Wivu una tabia moja mbaya, haushibi. Zamu mbili kwa juma zilimtosha Praxeda kumfikia Lea, lakini hakutaka kumfikia, alitaka kumpita. Lea aliweka marinda kiunoni. Praxeda akaamua kuweka mara mbili yake, kunjo juu ya kunjo, kitambaa kizito cha drili. Ijumaa moja alikaa kwenye cherehani na lundo hilo, akakanyaga. Sindano ikakataa. Akakanyaga kwa nguvu, akausukuma mguu huku akisema kimoyomoyo, "Lea, Lea, Lea." Sindano ikakatika, kipande kikaingia ndani ya mashine. Akaogopa. Badala ya kusimama akalizungusha gurudumu kwa mikono miwili, na ndani kukalia kitu, *kwach*, na cherehani ikakwama kabisa.

Praxeda akakunja gauni lake, akatoka mbio kwa kijia cha nyuma. Kifuu cha kitana alikisahau kwenye msumari.

Jumatatu Bi Asmahani aliingia darasani na kifuu hicho mkononi. Hakuwa mwalimu wa kupiga kelele, na siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

"Cherehani imeharibika," alisema. "Kwenye msumari nimekuta hiki. Kitana hiki ni cha nani?"

Wasichana wakatazamana.

"Saleha?"

"Sijui, mwalimu. Mimi nimekikuta kipo."

"Kipo kwa nani?"

"Kipo tu, mwalimu. Kila Jumatatu nakigeuza pamoja na vingine."

"Kipo tu," Bi Asmahani akarudia. "Wazee walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hapa mwenyewe hayupo, lake lipo, tena lina haki sawa na nyinyi mliopo. Nami nimeuona ubao huu tangu nilipofika, nikaupita. Haya, aliitwe mzee Mwinyijuma."

Mzee Mwinyijuma, mlinzi, alikuja akivua kofia. Alisema Ijumaa, alipokwenda kufunga, alimwona msichana mmoja akitoka kwenye baraza ya chumba cha kushonea. "Yule pale," akasema, na kidole chake kikamwelekea Lea.

Lea alisimama. "Ni kweli, mwalimu. Nilirudi kumtafuta Praxeda tuondoke pamoja. Aliniambia Ijumaa anamwagilia bustani. Bustanini sikumkuta, nikachungulia chumba cha kushonea, hamkuwa na mtu."

"Praxeda, Ijumaa ulibaki?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na Praxeda aliziona zote mbili. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwanzo wake huwa mteremko.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Mimi niliondoka mapema." Ungedhani atakomea hapo. Kijicho kikamsukuma mgongoni, akaongeza, "Ila nami nimeshangaa jinsi gauni la Lea lilivyokwenda mbio."

Darasa likanong'ona. Kweli, ni nani aliyeendelea haraka kuliko Lea? Lea akamgeukia Praxeda, akamtazama tu. Afadhali angemtukana.

Bi Asmahani aliamua kwamba Lea asishone hata kwa mkono mpaka ukweli ujulikane, na gauni lake, lililobakiza mkono mmoja tu, likafungiwa kabatini. Mjomba wa Lea aliitwa shuleni. Alikuwa mtu mkali, mzee wa kanisa, mwenye kuogopa aibu kuliko njaa. Alisema mbele ya watu kwamba mtoto huyu akithibitika ni mharibifu, atapanda basi la kwanza kurudi milimani, na masomo yake yatakuwa yameishia hapo.

Praxeda aliyasikia hayo yote akiwa dirishani. Alichokuwa akikitaka siku zote sasa kilikuwa mlangoni: Lea aondoke. Aliingoja ile furaha ije. Haikuja. Jioni walirudi Nguvumali kila mmoja upande wake wa barabara.

Siku iliyofuata Bi Asmahani alishusha ubaoni vifuu vyote visivyojulikana, akavitia katika ungo. Wasichana walishtuka.

"Mwalimu, utawakatia watu riziki!"

"Sivichomi, na sivitupi," alisema. "Nikivitupa bila kuuliza nitakuwa mjinga kama nilivyokuwa nilipoviacha bila kuuliza. Kila mmoja wenu atavaa kimoja shingoni kwa uzi, atembee nacho mtaani, dukani, kanisani, kisimani. Watu wakione. Anayekijua atasema."

Akagawa kwa mkono wake. Alipofika kwa Praxeda, kilichokuwa kimebaki juu ya ungo kilikuwa kitana. Praxeda akainamisha kichwa, kikavalishwa.

Kipande cha kifuu hakina uzito wowote, lakini kile kilimwinamisha shingo. Alikificha ndani ya gauni. Nyumbani mama yake akauona uzi, akakitoa kifuu nje. "Mwalimu kasema kionekane, wewe unakifunika kwa nini? Hebu nenda mtaa wa Usagara ukaninunulie mafuta ya taa, na kikae hivyohivyo."

Dukani Usagara, nyuma ya meza, alikuwako mama mmoja Mwarabu wa ukoo wa Kimanga, Bi Muzna, mke wa mwenye duka. Praxeda alimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka ni..." Bi Muzna hakumaliza. Aliinama juu ya meza, akakishika kile kifuu kwa vidole viwili. "Hiki umekipata wapi?"

"Shuleni, mama."

"Ni cha Fakhria. Ni cha mwanangu." Akakigeuza, akaonyesha upande mmoja mstari uliopinda. "Msumari ulimteleza hapa, akaungua kidole. Alikuwa hapiti mtoto wa watu asimsuke, ndiyo maana akachagua kitana. Homa ilimchukua akiwa darasa la saba, na huu ni mwaka wa tatu. Alipokuwa mgonjwa alikuwa akiniambia, mama, kifuu changu kingali ubaoni, nikipona nitarudi kushona. Basi mimi hujiambia, walau pale ubaoni bado yupo."

Praxeda akaiweka chupa ya mafuta mezani.

"Lakini jana hapa dukani," Bi Muzna akaendelea, "nimesikia watoto wakisema mwenye kitana ni mwizi, mwenye kitana kavunja cherehani. Sikujua ni kitana gani. Kumbe ni hiki! Mwanangu amelala kaburini, anawezaje kuvunja cherehani? Kesho nitakuja kwa mwalimu wenu. Nitamwambia Fakhria alikuwa na mikono mizuri."

Mafuta ya taa alipewa, lakini hakukumbuka aliyapokeaje. Njiani alijihesabia watu aliowaumiza. Alidhani ni Lea peke yake. Kumbe na marehemu naye, asiyeweza kusimama kujitetea, na mama yake juu. Usiku huo hakupata usingizi wa maana.

Kesho yake Bi Muzna alifika na buibui lake, akasimama mbele ya darasa pamoja na Bi Asmahani. Wasichana wote wakasimama, "Shikamoo, mama!" Alipoanza kusema, "Mimi ni mama yake mwenye kitana," Praxeda hakuweza tena. Akapiga moyo konde, akatoka mahali pake, akavua kile kifuu shingoni.

"Mwalimu, ni mimi."

"Wewe ndiye nini?"

"Ni mimi niliyekuwa nikikitumia Ijumaa. Ni mimi niliyevunja cherehani. Lea hakufanya lolote, alirudi kunitafuta mimi kama alivyosema. Nilimdanganya habari ya bustani, kisha nikawadanganya nyinyi." Machozi yakamshuka. "Nilimwonea wivu, mwalimu. Kila uliposema tazameni mshono wa Lea, mimi niliumia. Nilitaka awe hayupo."

Praxeda akamgeukia Bi Muzna, akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Nimemtukanisha mwanao."

Bi Muzna akakichukua kifuu, akakipangusa kwa ncha ya buibui. "Umemtukanisha," alisema. "Na umemsafisha kwa mdomo wako mwenyewe mbele ya watu. Simama, mwanangu. Lakini mkubwa wa kuombwa si mimi." Akamwonyesha Lea.

Lea hakukimbilia kumkumbatia. Visa hivyo ni vya kutunga. Aliuliza tu, "Kwa nini hukuniambia unaumia?" Kisha akaketi.

Siku hiyohiyo mjomba wa Lea alipelekewa habari, na basi la milimani likaondoka bila abiria huyo. Fundi alikuja kuifungua cherehani, na Praxeda alikaa sakafuni akimshikia taa na vyuma vyenye mafuta mpaka kipande cha sindano kikatoka. Bi Asmahani hakumfukuza wala hakumchapa. Alikigeuza kifuu cha nyota kielekee ukutani, akasema kitabaki hivyo, zamu zake zote zitakuwa za Lea, na Praxeda gauni lake atalimaliza kwa mkono. "Na mkono utakaokigeuza," alisema, "hautakuwa wangu."

Vifuu vingine navyo vilipata wenyewe, kimoja kimoja. Mmoja alikuwa mama wa watoto watatu Pangani, akatuma salamu na kicheko. Kimoja, chenye alama ya ufagio, karibu kiondolewe kabisa kwa kuwa hakuna aliyekijua darasani, mpaka ndugu wa mwenyewe alipokiona kanisani shingoni mwa Saleha. Kilikuwa cha Bibiana, mwanafunzi wa darasa jingine aliyelazwa hospitali tangu mwaka uliopita na aliyekuwa akijitayarisha kurudi. Hicho kilirudishwa ubaoni, kikafutwa vumbi.

Siku ya maonyesho gauni la Lea lilitundikwa mlangoni. La Praxeda, la mkono mtupu, marinda machache tu, lilikaa mezani pamoja na mengine, na wazazi walilipita bila kusimama. Praxeda alilitazama gauni la mlangoni. Roho ilimuuma kidogo, tusidanganyane, maana wivu hauondoki kama mgeni aliyeagwa. Lakini safari hii alikwenda moja kwa moja kwa Lea akamwambia, "Mshono wa bega ni mzuri kuliko wangu. Na nimeona wivu."

Lea akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Akainuka, akaenda nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea, akakigeuza kifuu cha nyota kiangalie nje.

Bi Asmahani aliwaona. Wazazi walipokwisha kuketi aliwaita wasichana wa darasa la nane waliokuwa wakiaga shule, kila mmoja akashusha kifuu chake kwa mkono wake mwenyewe, akapewa aende nacho nyumbani. Nyuma ya watu Bi Muzna alikuwa ameketi, kitana cha Fakhria kimening'inia kwenye mkufu wake.

"Tulidhani kumwachia aliyeondoka mlango wazi ndiyo heshima," Bi Asmahani alisema. "Heshima ni kumuaga, kumpa chake, na kufunga mlango kwa jina lake. Mlango usio na mwenyewe huingiwa na yeyote, na uharibifu atakaoufanya atauacha juu ya jina la mwingine. Kabla hamjafunga, ulizeni, asije akawa yuko njiani kurudi. Na wewe unayeumia kwa sifa za mwenzio, sema ungali mapema, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Wivu ukisemwa kwa mwenzio huwa mazungumzo. Ukifichwa hutafuta kifuu cha marehemu."

Jioni hiyo Praxeda na Lea walirudi Nguvumali upande mmoja wa barabara, wakibishana juu ya marinda.